Mbwa Aliyeambiwa Ikala

Kuna mama mmoja pale Kyumbi, kando ya barabara, ambaye kila nikinunua machungwa huniongezea moja, kisha hunishika mkono na kuninong'oneza: "Mwende, ni ukweli ile mbwa yenu ilikula mzungu?"

Nanyi rafiki zangu mmeniuliza hivyo hivyo, kwa barua, kwa simu za kibandani, na wengine mkija hadi kwetu na kusimama nje ya lango mkichungulia. Jibu fupi ni hapana. Jibu refu ni hili hapa, na nawaomba mlisome lote kabla hamjacheka.

Mjomba Kioko, mdogo wake mama, ndiye baharia pekee katika ukoo wetu wa wakulima wa mahindi na mbaazi. Alimfanyia kazi mzungu mmoja mzee aliyeitwa Anton, wakizunguka pwani kwa mashua ya tanga. Siku moja Anton akapotea baharini. Mjomba akabaki na mashua na mbwa, na tangu hapo hakukanyaga Machakos. Hatimaye binti yake Anton, aliye ng'ambo, akaiuza mashua kwa mtu wa Mtwapa, na mjomba akatakiwa kuifikisha huko. Mnunuzi alisema wazi kwamba mbwa atakayemkuta ndani atampiga risasi. Taabu ni kwamba mbwa hakukubali kutoka, na mjomba alituma neno kwamba bila mbwa yeye harudi nyumbani. Wakati huo Susu, nyanya yetu, alikuwa kitandani, kila asubuhi akiuliza kama Kioko amefika.

"Wewe umesoma fizikia," mama akaniambia. "Tukisema kitu hapa nyumbani, wewe ni kwa nini, kwa nini. Basi enda ukaulize huko. Uniletee ndugu yangu."

Sikuwa na kazi. Nikaenda.

Machakos hadi Lamu

Nilibeba gunia dogo la muthokoi, mahindi yetu yaliyokobolewa, kwa sababu mama aliamini kwamba pwani watu hula samaki na hewa. Safari ya basi sitaieleza. Itoshe kusema kwamba baada ya Garsen tulikaa mchana kutwa tukisubiri polisi wa kutusindikiza, na nikaonyeshwa kila aina ya subira ambayo sina.

Jirani yangu wa kiti alikuwa Mzee Abdi, Msomali anayenunua ng'ombe na mbuzi katika masoko ya kwetu, na ambaye Kikamba chake ni kizuri kuliko cha binamu zangu wa Nairobi. Alinipa tende na kunitania.

"Mkamba anaenda baharini kufanya nini? Kuonja kama chumvi imetosha?"

Nikamwambia ninaenda kumchukua mjomba wangu, mwenye mashua na mbwa. Akaacha kutafuna.

"Mbwa ya rangi ya simiti?"

"Ndiyo. Jina lake ni hilo hilo. Simiti."

Akaukusanya msuli aliojifunga kiunoni polepole, akauvuta upande wake wa kiti. "Bado hujaishika, si ndiyo?"

"Bado. Kwani kuna nini?"

"Hiyo mbwa ilikula tajiri yake. Kutoka Malindi mpaka Lamu wanajua."

"Nani aliona?"

"Hakuna aliona."

"Sasa wanajuaje?"

Mzee Abdi akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mnunuzi asiyejua kukagua meno ya ng'ombe. "Mkamba mwenyewe alisema. Mjomba yako. Alisema kwa mdomo yake."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Tende zilizobaki akanipa zote, pamoja na karatasi yake, akisema hazitaki tena.

Lamu

Mashua nyingine zote zilikuwa zimesongamana mbele ya mji. Yetu ilikuwa peke yake, mbali, karibu na mikoko, kama mgonjwa aliyetengwa. Mwenye mtumbwi aliyenipeleka alifika mahali akaacha kupiga kasia.

"Mie ni hapa," akasema. "Mwite mwenyewe aje akutwae."

"Maji haya na yale pale yana tofauti gani?"

"Hapa sina neno nayo. Pale sitii kasia langu."

Nikaita. Mjomba akaja na kidau chake. Alikuwa amekonda na sauti yake ilikuwa imepungua, kama mtu aliyeishi na mgonjwa anayelala. Hatukukumbatiana. Alinipokea gunia, akalinusa, akasema, "Muthokoi," na machozi yakamlengalenga.

Nilitarajia kuona jitu. Nikakuta mbwa wa kwetu kabisa, mbwa wa kulinda mbuzi, mwembamba, sikio moja limesimama na jingine limelala. Mjomba ndiye aliyemleta kutoka Machakos akiwa mtoto, akampa Anton, kwa hiyo mbwa huyo hajui lugha nyingine ila Kikamba. Alinirukia na kunilamba mikono. Nikamwambia kama tunavyowaambia mbwa wetu wote, na wageni pia wakiingia ndani: "Ikala!" Kaa.

Simiti akakaa papo hapo, mgongo umenyooka.

"Usiiambie hivyo," mjomba akasema.

"Kwa nini?"

"Hilo neno nimechoka nalo. Kila bandari wananipigia kelele. Wanaona mimi ni Mkamba, basi wananiiga: ikala! ikala! Nikikaa, wananitupia mawe. Sasa wanataka nikae ama niende?"

Hivyo ndivyo alivyofika kaskazini yote hiyo. Kila bandari ilimsukuma, na upepo wa kusi ukamsukuma pia, hadi akaishia mikokoni. Sasa kaskazi ilikuwa imeanza na ingeturudisha.

Nilipokuwa nikipanga vitu vyangu niliona kamba ndefu imefungwa nyuma, kwenye tezi, na ncha yake imeachwa inaelea majini. Nikadhani imesahauliwa. Nikaanza kuivuta ndani.

"Iache," akasema mjomba.

"Ni ya nini?"

"Ni ya hapo."

Kama mnanijua, mnajua jibu hilo liliniwasha mwili mzima. Lakini nilikuwa nimefika sasa hivi, nikaiachia kamba.

Kipini

Siku ya kwanza ya bahari nilitapika mpaka nikaanza kutubu dhambi za watu wengine. Simiti alilala miguuni pangu. Haja zake alikuwa akizimalizia kwenye kipande cha mkeka kule omo, mbele kabisa, na mjomba akiusuuza kwa ndoo bila neno.

Tulitia nanga Kipini, mto Tana unapoingia baharini. Maji yalikuwa mekundu. Niliyatazama nikafikiri kwamba ni yale yale yanayopita Kithyoko kwa shangazi yangu, na kwa muda nikajisikia nyumbani. Nikapika muthokoi. Muthokoi unahitaji moto wa nusu siku, na jiko la mashua lilikuwa na mafuta ya kuchemshia chai tu. Tuliula mgumu. Simiti peke yake ndiye aliyeramba sahani.

"Leo tumtoe," nikasema.

"Jaribu."

Nilisimama ufukweni nikaita: "Simiti, uka! Uka vaa!" Njoo. Njoo hapa. Akanitazama kutoka mashuani, mkia ukicheza, hakutoka. Mjomba akamtia kwenye gunia akamleta kwa kidau. Tulipomfungua mchangani, alijikung'uta, akatulamba wote wawili kana kwamba anaomba radhi, kisha akaingia majini na kuogelea moja kwa moja hadi mashuani. Akapanda ngazi ya nyuma kama mtu. Alikwenda kuketi kwenye tezi akiwa analowesha sakafu.

"Umeona?" mjomba akasema. "Nimeifunga kamba, ikatafuna. Nimeipeleka mbali na lori, ikarudi siku ya tatu nyayo zikitoka damu. Hii mbwa iko na mtu huko ndani ya mashua, Mwende. Mimi ndiye simwoni."

Nikamjibu kwamba mnyama huzoea mahali, na kwamba kuna maandishi mengi juu ya jambo hilo. Wakati nikisema hivyo watoto walikuwa wamekusanyika juu ya kilima cha mchanga. Mmoja akaanza, wengine wakaitikia: "Ikala! Ikala!"

Kule mashuani, mbali hivyo, Simiti akaketi wima zaidi.

Watoto walipoona mbwa amewatii, walinyamaza ghafla. Kisha wakatawanyika mbio, wakiacha kiatu kimoja mchangani. Tuliondoka maji yalipojaa. Hakuna aliyetuuzia samaki.

Ghuba ya Ungwana

Hapa ndipo nisipopenda kupasimulia.

Upepo ulitufia katikati ya ghuba. Tanga likaning'inia kama nguo ya mtu aliyehama. Bahari ikalala, nyeupe, mfano wa bati jipya, na ukungu wa joto ukaifuta nchi kavu. Nimezoea kusikia watu wakiogopa usiku. Mjomba aliniambia kwamba watu wa pwani huuogopa pia mchana wa jua la utosi, mtu akiwa hana kivuli. Nikamweleza habari za pembe ya jua. Akatikisa kichwa, akajifunika kofia usoni, akageukia mlingoti.

"Unalala?"

"Hapana. Saa hii huwa sitazami nyuma."

Simiti aliamka. Hakuna aliyemwita. Akatembea kwa utulivu hadi tezini, akaketi akiielekea bahari, na mkia wake ukaanza kufagia sakafu. Sio ule wa kuchangamkia chakula. Ni ule wa polepole, wa kumpokea mtu anayemjua, aliye njiani.

Nilikwenda kuketi kando yake. Nilitaka kuona anachoona. Hapakuwa na ndege, samaki wala taka. Lakini kichwa chake kilikuwa kikisogea, taratibu, kutoka kushoto kwenda kulia, kisha kinarudi, kama unavyomfuata kwa macho mtu anayeogelea akipita nyuma ya mashua. Lile sikio lililolala lilikuwa limesimama.

Kisha nikaitazama kamba.

Mashua ilikuwa haiendi. Kamba isiyovutwa ni lazima ilegee majini. Hilo hata asiyesoma analijua. Hii ilikuwa imenyooka nyuma yetu juu ya maji, imekazika, na matone yalikuwa yakiidondoka.

"Mjomba."

"Usivute," akasema kutoka chini ya kofia. Hakuwa amegeuka. Sikuwa nimesema neno juu ya kamba.

Nilivuta. Mnanijua. Ilikuja nyepesi, pima kwa pima, bila kitu. Ncha yake ilikuwa na jani moja la mkoko. Simiti alinitazama mara moja, akageuka tena kuitazama bahari, na mkia ukakoma.

Maji ya Tana yanaingia katika ghuba ile kwa nguvu, na mkondo wa juu unaweza kwenda njia yake huku mashua imesimama. Kamba nyepesi hufuata mkondo. Niliyafikiria hayo yote palepale na bado ninaamini ni hivyo. Hata hivyo niliirudisha kamba majini kwa mikono yangu mwenyewe, wala sikuambiwa.

Jioni upepo ulipoanza, mjomba aliniambia habari ya kamba. Anton alikuwa na desturi ya kuoga baharini kila adhuhuri, mashua ikiwa nangani, akiishika kamba ile ili mkondo usimchukue. Siku aliyopotea, mjomba alikuwa na malaria. Alikuwa ameitoa kamba asubuhi akaianika, akameza dawa, akaenda kulala chini. Hakumsikia mzee akiingia majini. Aliamshwa na watu waliokuja na mitumbwi, wakigonga ubavu wa mashua. Walikuta mbwa ameketi tezini, na mtu mmoja tu ndani, naye anatoka usingizini.

"Mbwa ilikuwa na damu mdomoni?" nikauliza, maana nilikuwa nimelisikia hilo Lamu.

"Ilikuwa imeuma ulimi yake. Ilikuwa inatetemeka yote."

"Na wewe ulisema nini?"

"Nilisema nini? Nililia."

Kwa Tungule

Kusini ya Malindi tuliishiwa na maji ya kunywa. Mjomba alitaka tuendelee na kiu. Nilipomlazimisha aseme sababu, akanionyesha mlango mwembamba wa bahari mbele yetu na kijiji kidogo nyuma yake, Kwa Tungule. "Ni hapo," akasema.

Akanishusha ufukweni na madumu, akarudi mashuani haraka. Maji yalikuwa yamekupwa, na wanawake walikuwa wakirudi kutoka miambani na ndoo za chaza. Chini ya banda la makuti msichana wa rika langu alikuwa akikaanga viazi vya karai. Aliitwa Riziki. Alinipimia viazi, akavimiminia ukwaju, kisha akaitazama mashua, akanitazama mimi.

"Ndiyo ile?"

"Ndiyo."

"Na wewe ni mbara."

"Wa Machakos."

"Subhana! Na unakula kwa mikono hiyo hiyo uliyomshikia?" Akanimwagia maji ninawe, lakini kwa umbali, kama anayemwagilia mche. "Haya, shoga, niambie kweli. Mbwa yule bado hajala mwengine?"

"Hajamla yeyote. Anakula muthokoi."

"Si mjomba'ko mwenyewe alosema? Sie sote twalikuwa pale miambani, twasikia kwa masikio yetu. Ikala! Ikala! Ikala!"

Nikaacha kutafuna. "Rudia."

"Ikala! Nyie wabara ndivyo msemavyo. Mbwa imelala, mbwa imebweka, mbwa ikala. Ingekuwa ni mtu wa hapa angesema akala, akamla bwana wake. Tukajua ni yule Mkamba, kapatwa na msiba, hata ngeli zimemponyoka."

Nilicheka mpaka ukwaju ukanipalia. Nikawaita na wale wanawake wa chaza. Nikawaeleza kwamba katika Kikamba neno hilo halina kula wala kuliwa. Maana yake ni kaa, tulia hapo. Nikawaeleza kwamba mjomba amefukuzwa pwani nzima kwa neno la kukaribishia wageni, na kwamba yeye mwenyewe alidhani wanamwiga. Wanawake wakacheka wakipigana mabega. Mmoja akasema, "Yallah, tumempiga mtu mawe kwa ajili ya ngeli!"

Riziki peke yake hakucheka. Alikuwa ameshika upawa juu ya karai, na mafuta yakidondoka.

"Ngoja," akasema. "Mjomba'ko alikuwa ndani, amelala. Tulipofika tulimgongea. Mie mwenyewe n'liona alivyotoka, macho mekundu, shuka begani."

"Ndiyo. Alikuwa mgonjwa."

"Na ile sauti haikutoka ndani ya mashua. Ilitoka nyuma yake. Majini. Jua lilikuwa kali, maji yanameta, hatukumwona mtu. Ilikuwa yaita, yenda mbali. Ya mwisho hatukuisikia vizuri."

Viazi vilianza kuungua.

Nikamuuliza, ingawa nilishajua: "Ilikuwa sauti ya namna gani?"

"Ya mtu mzima. Haikuwa ya kulia, wala hakuomba msaada. Ilikuwa..." Akatafuta neno. "Kama mtu aamrishaye."

Jaribio

Nilimweleza mjomba mashuani. Alikaa chini polepole, akiushika mlingoti.

"Mzee alijua maneno mawili tu ya Kikamba," akasema. "Mimi ndiye nilimfundisha. Akiingia maji anaiambia ikala, kwa sababu ilikuwa inapenda kuruka nyuma yake. Akimaliza kuoga anaiita, uka. Lakini hakuweza kusema. Alikuwa anavuta, uuuka, kama bundi. Hapo ndiyo inaruka, wanacheza."

Tukamtazama Simiti. Jua lilikuwa linapanda kuelekea utosini, naye alikuwa ameshaanza kutembea kwenda tezini.

Mwajua kilichotokea sasa, kama nilivyojua mimi. Mkondo ulikuwa ukimchukua Anton. Aliona mbwa anataka kumfuata. Pumzi aliyokuwa nayo akaitumia kumzuia. Simiti alizuiwa, akauma ulimi wake, akakaa. Tangu hapo hakuna aliyemwambia basi.

"Wewe umemwita kutoka ufukweni," nikasema. "Kutoka kidauni. Hujawahi kumwita kutoka majini, nyuma ya mashua, kwa namna yake."

"Aiee, Mwende. Hapo hapana."

"Ni jaribio tu, mjomba."

"Kwako ni jaribio. Mimi utaniweka mahali pa maiti nimwite mbwa wake kwa sauti yake?"

"Basi nitaingia mimi."

"Hujui kuogelea."

"Kuna kamba."

Aliniangalia kwa hasira ambayo sikuwahi kuiona kwake. Akavua shati. Akasema maneno mafupi ya sala, akashuka ngazi, akaishika kamba, akajiachia hadi ncha yake. Kule ufukweni wanawake walikuwa wamesimama na ndoo zao, Riziki mbele. Hakuna aliyepiga kelele. Bahari ilikuwa nyeupe tena.

"Uka!" mjomba akaita. Simiti hakusogea. Alikuwa hamtazami. Alikuwa anatazama kushoto, mbali na mjomba, na mkia wake unafagia.

"Ivute!" nikapaza sauti. "Kama yeye!"

Mjomba alijaza kifua. "Uuuuka!" Ilitoka mbaya, ya kigeni, sauti ya mzee mwingine kabisa, haikufanana na mjomba hata kidogo.

Simiti akaruka.

Hakuogelea kwenda kwa mjomba. Hili waliliona wote na Riziki atawaambia. Aliogelea kwenda kushoto, mahali pasipokuwa na mtu, akinung'unika kwa furaha kama mtoto wa mbwa. Akafika. Akazunguka hapo mara moja, polepole, shingo imeinuliwa, namna mbwa anavyomzunguka mtu aliye majini. Kisha akageuka, akampita mjomba na kamba yake, akampita bila kumtazama, akaenda moja kwa moja ufukweni. Wanawake wakampisha njia. Alijikung'uta akawalowesha, wakapiga mayowe na kucheka, na yeye akalala mchangani akafumba macho.

Hakurudi mashuani tena.

Mkondo wa mlango ule unazunguka. Nilitupa jani baadaye nikaona linazunguka pale pale. Mbwa anayeogelea hufuata njia iliyo rahisi. Hayo ndiyo niliyoyaandika kichwani mwangu, na sijayafuta.

Mjomba alipanda, akaivuta kamba yote ndani, akaikunja vizuri, akaining'iniza kwenye mlingoti ikauke.

Mtwapa, na nyumbani

Mjomba alimalizia njia peke yake, na mashua ikapokelewa Mtwapa ikiwa tupu. Mimi na Simiti tulimsubiri kwa Riziki, ambaye kufikia wakati huo alikuwa akimwaga maji ya kunawa kwa karibu kidogo. Habari ya kweli ilikwenda kaskazini na wachuuzi wa samaki, lakini ile ya zamani ndiyo iliyotangulia kufika Kyumbi.

Susu alimwona mwanawe. Alimshika masikio yote mawili kama mtoto, akamwambia amekonda, akaagiza uji. Baada ya siku chache aliweza kuketi nje kwenye jua.

Hapo ndipo aliponyanyua mkono kumkaribisha jirani aliyekuja kumjulia hali, akasema kama ambavyo mzee yeyote wa kwetu husema: "Ikala nthi." Keti chini.

Simiti alikuwa amelala kivulini. Akaamka. Akatembea hadi ukingo wa ua, akaketi, mgongo umenyooka, akiyaelekea matuta ya mbaazi, na mkia ukaanza kufagia vumbi. Ilikuwa adhuhuri. Mjomba alitoka ndani mbio bila viatu, akasimama mbele yake katikati ya mbaazi, akaita kwa ile sauti isiyo yake mpaka mbwa akamjia.

Kwa hiyo, rafiki zangu, njooni. Simiti hatawauma, na muthokoi upo wa kutosha. Lakini mkifika msishangae kwamba hakuna anayewakaribisha kwa mdomo. Kwetu siku hizi tunamvutia mgeni kiti, tunamwonyesha kwa mkono, tunanyamaza.